Mtoto hazaliwi na Kimakonde, anazaliwa na uwezo wa kukidaka

Ukipanda pantoni ya Msangamkuu, hapa Mtwara, asubuhi utamkuta bibi kambeba mjukuu wa miezi sita hivi, bibi anambembeleza kwa Kimakonde, mama anabishana bei ya samaki kwa Kiswahili, na katoto kenyewe kamekodolea macho mdomo wa bibi. Watu wanajua hakaelewi kitu. Kumbe hapo ndo kazi inafanyika, maana umri huo mtoto anaweza kutofautisha sauti za lugha hata zile ambazo hajawahi kuzisikia, akikaribia mwaka mmoja anaanza kuziacha zisizosikika nyumbani kwao.

Sisi tunaohudumia watoto wenye shida ya kuongea tunaulizwa sana, sasa huu uwezo binadamu aliutoa wapi?

Mwangalie tumbili, huyu huyu anayetumalizia mahindi. Watafiti waliowafuatilia kule Amboseli, Kenya, walieleza mwaka 1980 kwamba tumbili ana mlio wake wa chui, mwingine wa tai na mwingine wa nyoka, wenzake wakisikia wa chui wanakimbilia mtini, wa tai wanatazama juu, wa nyoka wanachungulia kwenye nyasi. Ila tumbili hawezi kukwambia jana chini ya mkorosho wa mjomba kulikuwa na nyoka na hakuwa mkubwa. Hiyo "jana", hiyo "hakuwa", hiyo "wa mjomba", ndo tulipoachana naye.

Lini hasa, mifupa haisemi yote. Mwaka 1983 kwenye pango la Kebara, Israeli, ulipatikana mfupa mdogo wa kooni unaoshikilia ulimi, wa Neandatali, yaani ndugu wa binadamu wa kale ambao wameshatoweka, wa miaka kama 60,000 iliyopita, na umefanana sana na wetu, kwa hiyo huenda nao waliweza kuongea. Mwaka 2001 ikatambuliwa jeni ya FOXP2, yaani chembe ya urithi tunayopokea kwa wazazi, kupitia familia moja ya Uingereza ambayo karibu nusu yao walikuwa na shida ya kutamka. Wengine wakaiita jeni ya lugha, mimi naona waliharakisha, hata panya anayo.

Kinachonigusa mimi ni Nikaragua. Mpaka miaka ya 1970 watoto viziwi kule walikaa majumbani kila mmoja na ishara zake chache, shule yao ilipofunguliwa Managua walimu wakawafundisha kusoma midomo kwa Kihispania, haikuwaingia, lakini uwanjani na kwenye basi wenyewe kwa wenyewe wakaanza kuchanganya ishara, wadogo waliokuja nyuma wakazipa utaratibu, ikawa lugha kamili yenye sarufi yake ambayo hakuna mtu mzima aliyewafundisha. Yaani uwezo wanao, walichokosa ni wenzao.

Niliwahi kuletewa mtoto kiziwi wa miaka saba kutoka vijijini Newala. Alikuwa anagonga ngumi moja juu ya nyingine, bibi yake akanambia hapo anasema kubangua korosho. Ishara aliitunga mwenyewe! Ila alikuwa nazo kama kumi tu na anayezielewa ni bibi peke yake, na kwa kuanza lugha miaka saba ni kuchelewa sana.

Kwa hiyo wazazi wenzangu, sufuria ikidondoka nyuma ya mtoto asishtuke, mleteni apimwe masikio wiki hiyo hiyo, na mkiwa mnasubiri majibu ongeeni naye kwa mikono, muonyesheni maji, muonyesheni uji, na bibi awe na ishara yake moja ile ile kila siku.