Kulia, kushoto au chali? Maswali ya kulala kutoka Lamu

Swali: Nikila daku nikarudi kulala, kifua chawaka moto. Nalalia ubavu wa kulia, ndiyo sunna. Kosa liko wapi?

Jibu: Kosa kubwa ni kulala tumbo likiwa limejaa, ila ubavu nao una lake. Mfuko wa tumbo umeegemea kushoto na umio unaingilia kwa juu. Ukilalia kushoto, asidi hutuama chini ya mlango huo. Ukilalia kulia, mlango ndio unaokuwa chini, asidi ikapita. Anza kwa kulia, kisha geukia kushoto. Kula daku kidogo, bila mafuta mengi, na baada ya alfajiri keti kwanza. Siku nyingine acha saa 3 kati ya chakula na kitanda.

Tena weka vipande vya mbao chini ya miguu ya kitanda ya upande wa kichwani, kipande kimoja kila mguu, kiinuke sentimita 15 hadi 20. Usirundike mito: hukukunja kiunoni na kubana tumbo, kiungulia kikazidi. Chakula kikikwama kooni, ukitapika damu, au ukikonda bila sababu, nenda hospitali.

Swali: Nina mimba ya miezi 7. Mama asema nisilale chali. Ni kweli?

Jibu: Kweli kabisa. Kuanzia wiki ya 28, ukilala chali, uzito wa mimba hukandamiza mshipa mkubwa unaorudisha damu moyoni, na damu inayomfikia mtoto hupungua. Hatari ya mtoto kufia tumboni huongezeka. Ubavu wowote wafaa, wa kulia na wa kushoto. Linalohesabika zaidi ni ulivyolala usingizi ulipokuchukua, kwa sababu mkao huo ndio hudumu. Ukizinduka uko chali, usiogope, geuka tu. Mtoto akipunguza kucheza, nenda hospitali saa hiyo hiyo, usingoje kuche.

Swali: Kitanda chetu ni cha kamba. Naamka kiuno chauma.

Jibu: Kamba zikilegea, katikati huwa bonde na mgongo hupinda usiku kucha. Zikaze. Ukilala ubavu, weka mto katikati ya magoti hadi vifundoni. Ukilala chali, uweke chini ya magoti. Kifudifudi uache, shingo hukaa imepotoka.

Swali: Mtoto mchanga akilazwa chali, akicheua hatapaliwa?

Jibu: Hapana, hatapaliwa. Akiwa chali, njia ya hewa iko juu ya njia ya chakula, na maziwa hushuka chini. Mlaze chali kila usingizi hadi atimize mwaka 1, kwenye godoro gumu, bila mto. Godoro la sufi linalobonyea halimfai.