Dhana potofu kuhusu vifaa vya kuanzia kazi ya kuosha madirisha ya ghorofa, na ukweli wake hapa Uganda

Anayetaka kuanza kuosha madirisha ya ghorofa kwa mpini wa maji hapa Kampala hukutana na ushauri mwingi, na sehemu kubwa yake imetoka Uingereza, ambako kanuni za mwaka 2005 kuhusu kazi za mahali pa juu ziliwasukuma waoshaji wengi kuachana na ngazi. Kwao ushauri huo unafaa. Ukiletwa hapa jinsi ulivyo, humfanya kijana wa Najjera au Kira amalize mtaji kwenye mtambo asiouhitaji, kisha akose pesa ya kifaa kitakacholinda uhai wake. Ndiyo maana naona haja ya kuzipitia dhana hizi moja baada ya nyingine.

Kwanza kazi yenyewe. Maji yaliyoondolewa madini hupanda ndani ya mpira mwembamba hadi kwenye brashi iliyo nchani mwa mpini mrefu. Mwoshaji husimama chini, akasugua fremu na kioo, akasuuza, akaenda dirisha linalofuata. Hafuti kwa kitambaa. Kioo hujikaukia bila doa kwa kuwa maji hayo yakikauka hayaachi kitu. Usafi wake hupimwa kwa miligramu za vitu vilivyoyeyuka katika lita moja, na kipimo chenyewe ni kijimita cha mkononi kiitwacho mita ya TDS. Lengo ni sifuri. Ukivuka 10 hivi, madoa huanza kujionyesha, hasa kwenye vioo vyeusi vya maofisi.

Dhana: bila mtambo wa RO hakuna biashara

Hii ndiyo dhana inayokula mtaji wa watu wengi, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Kuna njia mbili za kuyaondoa madini majini. Ya kwanza ni RO (kifupi cha Kiingereza cha reverse osmosis): maji husukumwa kwa nguvu kupitia utando ambao huzuia sehemu kubwa ya madini, tisini kwa mia au zaidi. Ya pili ni rezini, punje ndogo ndani ya mtungi, ambazo huyanasa madini yaliyobaki hadi mita isome sifuri. Waingereza wengi hutumia zote mbili, na wana sababu. Maji ya London yanatokana na ardhi ya mwamba wa chokaa na mara nyingi hufika miligramu 300 kwa lita au zaidi. Ukiyapitisha maji hayo kwenye rezini peke yake, rezini huisha upesi na faida huisha nayo.

Sasa tazama mfereji wako. Maji ya NWSC, shirika la taifa la maji, yanayokuja Kampala huchotwa Ziwa Victoria, yakasafishwa Ggaba na Katosi. Ziwa hili hupata maji yake mengi kutokana na mvua inayonyesha juu yake moja kwa moja, na maji ya mvua hayajapata nafasi ya kuokota madini ardhini. Ndiyo maana yana madini machache, kwa kawaida chini ya miligramu 100 kwa lita. Ikiwa mita yako inasoma 60 na ya mwenzako wa London inasoma 300, mtungi uleule wa rezini utakuoshea maji mara tano ya yake. Hesabu hiyo peke yake inabadilisha orodha nzima ya manunuzi. Wewe unaweza kuanza na mtungi wa rezini, chujio la kunasa mchanga na tope mbele yake, na mita. Basi.

RO ina gharama nyingine ambazo tangazo haliziweki wazi. Mitambo midogo humwaga lita moja au zaidi kwa kila lita safi inayotoa, na maji hayo ya kumwaga yamo kwenye bili yako. Inahitaji msukumo wa kutosha, na pale ambapo msukumo wa mfereji ni dhaifu utanunua pampu ya kuongeza nguvu. Tena klorini iliyo katika maji ya bomba huuharibu ule utando, kwa hiyo lazima uwe na chujio la kaboni, na ulibadilishe kwa wakati.

Hata hivyo sisemi RO haina kazi Uganda. Anayetegemea kisima cha kuchimba anaweza kukuta mita inasoma mamia, na huyo RO itamwokoa. Visima hutofautiana sana, hata vya mtaa mmoja. Anayetumia maji ya mto wenye tope, kama wa Rwizi kule Mbarara, shida yake ya kwanza ni tope, na chujio la kulinasa litachoka mapema. Nunua mita kabla ya kitu kingine chochote. Ndicho kifaa cha bei ya chini kuliko vyote, na ndicho kitakachokuambia ununue nini.

Dhana: maji yaliyochemshwa, ya kulainishwa au ya chujio la kunywa ni safi vya kutosha

Kuchemsha huua vijidudu. Madini mengi hubaki, tena huweza kuongezeka kwa kila lita kwa sababu sehemu ya maji imepaa kama mvuke. Chujio la udongo au la kaboni linalotumiwa nyumbani huondoa tope, harufu na ladha, nalo pia huacha karibu madini yote. Mtambo wa kulainisha maji hubadilisha kalsiamu kwa sodiamu, kwa hiyo mita husoma karibu namba ileile na doa hubaki palepale.

Maji ya mvua ni jambo jingine, na hapa tuna bahati. Yanaposhuka kutoka mawinguni yana madini machache mno. Yakipita kwenye mabati yenye vumbi na kinyesi cha ndege huokota uchafu, lakini ukiacha mvua ya mwanzo ioshe paa kisha ukakinga inayofuata, ukayachuja, unayapeleka kwenye rezini yakiwa na mzigo mdogo sana. Kwa mtu wa Kampala mwenye tangi, miezi ya Machi hadi Mei na Septemba hadi Novemba inaweza kurefusha maisha ya rezini yake kwa kiasi kikubwa.

Ukitaka kuona tofauti kabla ya kutoa pesa, nunua chupa ya maji ya betri yaliyoondolewa madini, yale yanayouzwa vituo vya mafuta. Hakikisha ni maji, si asidi. Tia tone moja kwenye kioo safi, tone la mfereji kando yake, na tone la kisima. Acha juani yakauke, kisha linganisha madoa.

Dhana: nguvu ya maji ndiyo inayoosha

Wanaotoka kwenye kazi ya kuosha magari huja na wazo hili na mashine yao ya kusukuma maji kwa kasi. Mashine hiyo haina nafasi kwenye madirisha ya ghorofa. Huweza kung'oa silikoni ya ukingoni, hulazimisha maji kuingia ndani ya chumba, na kwa kuwa hutumia maji ya kawaida huacha madoa vilevile. Kinachoosha ni nyuzi za brashi. Maji hulegeza na kubeba.

Unachohitaji ni mtiririko wa lita moja hadi mbili kwa dakika unaofika juu. Maji yakipanda mita 10 hupoteza msukumo wa karibu baa 1 (baa ni kizio cha msukumo), hiyo ni kanuni ya maumbile na haina mjadala. Kwa hiyo tangi lililowekwa juu ya mnara wa mita 3 haliwezi kulisha brashi iliyo mita 8 kutoka chini, hata ukilijaza pomoni. Pampu ndogo ya volti 12 yenye betri inatosha kabisa. Kwa anayeanza, bomba la mgongoni la wakulima, lile la betri la lita 16 au 20, linaweza kugeuzwa: toa kinyunyizio, unganisha mpira mwembamba wa mpini. Jerikeni moja itakupa dakika 10 hadi 20 za kazi. Bomba liweke chini badala ya kulibeba, maana lita 20 ni kilo 20 na mgongo ni wako. Sharti moja lisilovunjwa: bomba liwe jipya. Lililowahi kubeba dawa ya magugu au ya wadudu halifai, hata likisuuzwa mara ngapi, kwa kuwa maji yake yatakudondokea usoni na mikononi kutwa nzima.

Dhana: mpini wa alumini ni wa bei nafuu na unatosha

Bei yake ni nafuu, kweli. Lakini alumini hupitisha umeme, na mitaa yetu imejaa waya. Laini za barabarani hubeba volti 11,000 au 33,000, na kwa nguvu hiyo umeme unaweza kuruka hewani hadi kwenye mpini kabla haujagusa waya. Nyaya zinazoingia nyumbani kutoka nguzoni zina volti 240, nazo mara nyingi hupita jirani kabisa na madirisha ya ghorofa ya kwanza. Ukiwa umeinua bomba la chuma la mita 7, macho yako yako kwenye brashi, si kwenye waya ulio nyuma yako.

Wapo wanaodhani kaboni fiba imemaliza tatizo kwa sababu si chuma. Kaboni pia hupitisha umeme. Faibagilasi kavu haipitishi, na ndiyo ningemshauri anayeanza, lakini mpini wa kazi hii haukauki: maji hutiririka juu yake, yakichanganyika na vumbi. Maji safi hupitisha umeme kidogo sana, ila yakishagusa ukuta si safi tena. Mianzi mibichi au iliyolowa nayo si kinga. Kwa hiyo sheria ni moja kwa mipini yote: usiufungue mahali ambapo ukianguka upande wowote ncha yake ingeweza kugusa waya. Dirisha lililo ndani ya mzingo huo liache, mweleze mwenye nyumba sababu, na kama waya umelegea aripoti kwa UEDCL, kampuni ya serikali ambayo tangu Aprili 2025 ndiyo inayosambaza umeme baada ya mkataba wa kampuni ya Umeme kumalizika. Ukiwa na vijana uliowaajiri, Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2006 inakuwajibisha wewe kwa usalama wao. Kazi iliyoachwa hulipwa kesho na mteja mwingine.

Kuhusu urefu, wengi hununua mrefu mno. Nyumba nyingi za Ntinda, Naalya au Muyenga ni za ghorofa moja au mbili, na mpini wa mita 6 hadi 7 huzifikia. Faibagilasi ikizidi hapo huwa nzito na hupinda, brashi ikayumba na bega likauma. Ukipata mkataba wa jengo la ghorofa nne, ndipo fikiria kaboni, na mteja huyo ndiye ailipie. Dukani, vuta vipande vyote, funga vibano, uusimamishe wima kwa dakika tano. Kibano kinachoteleza dukani kitateleza kazini.

Dhana: sabuni husaidia

Hapana. Mabaki yake hunasa vumbi na huharibu ile sifa ya kukauka bila doa. Kwa uchafu mkaidi, sugua zaidi.

Dhana: kila dirisha linafaa

Madirisha ya luva, ambayo bado yako kwenye nyumba na shule nyingi za zamani, hupitisha maji ndani. Yaoshe kwa mkono. Fremu za chuma zenye kutu zitachuruzisha rangi ya kutu kwenye kioo. Jengo jipya lenye matone ya saruji na rangi halioshwi kwa brashi peke yake, na anayekwangua kioo kwa wembe bila ujuzi hukikwaruza, kisha hulipa.

Halafu kuna vumbi letu jekundu. Mwezi wa Januari au Julai, fremu iliyo kando ya barabara ya murami, yaani isiyo na lami, imebeba tabaka zima. Ukiosha kioo bila kuosha fremu ya juu, vumbi litashuka kama chozi baada ya wewe kuondoka. Kwa hiyo mara ya kwanza nyumba huoshwa mara mbili, na bei ya siku hiyo iwe juu. Wateja wengi huelewa wakiambiwa mapema.

Dhana: mtungi wa rezini ni gharama ya mara moja

Rezini huisha. Ile ya mchanganyiko haiwezi kufufuliwa nyumbani, kwani punje za aina mbili lazima zitenganishwe, moja ioshwe kwa asidi na nyingine kwa magadi makali. Kabla ya kununua mtungi, muulize muuzaji kama ana rezini ya kujazia, kwa bei gani, na kama mfuniko hufunguka kwa mkono, maana mitungi mingine haifunguki kabisa. Pima maji yanayotoka kila asubuhi. Namba ikianza kupanda kutoka sifuri, agiza. Ikifika 10, badilisha. Ukisikia harufu ya samaki kwenye maji, ulichelewa. Rezini ya akiba itunze kivulini ndani ya mfuko uliofungwa vizuri, ikiwa na unyevu wake.