Mwalimu, soma kwanza karatasi iliyomaliza kosa lako

Wiki iliyopita mwalimu mmoja wa hisabati alinipigia simu saa nne usiku, akaniomba radhi kwa kunisumbua, kisha akasema kwa sauti ya mtu aliyekwisha kulia: "Dada, ualimu wangu ndio umekwisha hivyo." Kamera ilikuwa imemnasa akiendesha gari kwa maili 37 kwa saa mahali panaporuhusiwa maili 30. Hakugonga mtu, hakuwa amelewa, na barua aliyoletewa alikuwa hajaisoma hadi mwisho. Kazi yangu ni kuwashauri walimu wanaofundisha England kuhusu ajira na nidhamu, na imani hii ya kwamba kosa lolote la barabarani humfungia mtu mlango wa darasa nimeisikia mara nyingi mno. Inawanyima watu usingizi bure, na hofu hiyo hiyo ndiyo inayowasukuma wengine kufanya kosa kubwa kuliko la kwanza.

Lililo jepesi nalimaliza upesi. Mwendo kasi wa kawaida uliomalizwa kwa kozi ya usalama barabarani, au kwa faini ya pauni 100 na pointi 3 za adhabu kwenye leseni, haumwondoi mwalimu kazini. Cheti cha DBS cha kiwango cha juu, yaani cheti cha serikali kinachoonyesha rekodi za jinai za mtu, ambacho shule hukitaka kwa kila mwalimu, hutegemea hasa kumbukumbu za kompyuta ya taifa ya polisi, na faini ya namna hiyo kwa kawaida haimo humo. Pointi zimo katika kumbukumbu za leseni zinazotunzwa na DVLA, wakala wa serikali wa leseni za udereva na magari, na hayo ni madaftari mawili tofauti.

Linaloniudhi zaidi ni imani ya upande wa pili, ambayo huja mara tu hofu inapotulia: "Kumbe kosa la barabarani si jinai, basi sina la kusema." Si kweli hata kidogo. Mwendo kasi ni kosa la jinai, na kinachotofautisha mwalimu mmoja na mwenzake ni jinsi kosa lenyewe lilivyomalizwa. Aliyehudhuria kozi hakutiwa hatiani. Aliyekubali faini na pointi bila kufika mahakamani naye hakuhukumiwa na hakimu. Lakini aliyepuuza barua, au aliyepinga akashindwa, ametiwa hatiani, hata kama mwendo wake ulikuwa ule ule wa maili 37.

Wengi hawajui kwamba mtu anaweza kutiwa hatiani bila kukanyaga mahakamani. Tangu mwaka 2015 upo utaratibu wa hakimu mmoja, ambaye huamua kesi ndogo kwa kusoma karatasi tu, bila mshtakiwa kuwapo. Niliwahi kumhudumia mwalimu aliyehama nyumba bila kubadilisha anwani kwenye hati ya gari. Barua ya kumtaka, kama mwenye gari, amtaje dereva aliyenaswa na kamera ilikwenda nyumba ya zamani, siku 28 za kujibu zikapita, ikafuata barua ya mashtaka, na hatimaye hukumu. Aliponiletea ile bahasha ilikuwa imekunjika na ina alama ya kikombe cha chai juu yake, kwa kuwa mpangaji mpya aliiweka dirishani kwa miezi kadhaa. Ndani mlikuwa na hukumu ya kushindwa kumtaja dereva chini ya kifungu cha 172 cha Sheria ya Barabara ya mwaka 1988, pamoja na pointi 6 na faini iliyozidi ile ya mwendo kasi aliyoikwepa bila kujua. Wakati huo alikuwa amekwisha kujaza fomu ya kazi mpya, na mahali palipouliza kama amewahi kutiwa hatiani aliandika "Hapana" kwa moyo safi kabisa. Njia ya kujinasua ipo: ndani ya siku 21 tangu ulipoijua hukumu, unaapa kwamba hukuwa na habari ya kesi, nayo huanzishwa upya. Zikipita siku hizo, ni lazima uieleze mahakama kwa nini ulichelewa.

Tuje sasa kwenye swali la fomu, maana hapa ndipo walimu wanapojikwaa. Sheria ya mwaka 1974 ya kuwarekebisha wahalifu humruhusu mtu asitaje hatia iliyokwisha muda wake, lakini amri ya mwaka 1975 iliziondoa kazi kama ualimu katika ruhusa hiyo, na tangu mwaka 2013 hatia fulani za zamani huchujwa zisionekane kwenye cheti. Kwa hukumu ya mtu mzima, kosa lisilo katika orodha maalumu ya makosa yasiyochujwa kamwe, na lisilomfikisha gerezani, huchujwa baada ya miaka 11. Kwa hiyo fomu nzuri itauliza juu ya hatia ambazo hazijachujwa, na fomu iliyoandikwa ovyo itauliza tu, "Je, umewahi kufanya kosa?" Hayo ni maswali mawili tofauti, na mwalimu anayejibu la pili kwa majibu ya la kwanza anajitafutia shari. Ukiona swali halieleweki, iandikie shule ukaulize maana yake, na jibu lao ulitunze.

Kuna jambo moja ambalo miongozo mingi hulipita haraka. Pointi zilizowekwa kwenye leseni, hata kwa faini isiyofika mahakamani, serikali huzihesabu kuwa adhabu inayodumu miaka 5 chini ya sheria ile ya 1974. Je, mwalimu wa namna hiyo aseme ana hatia? Nimewahi kushauri kwamba hapana, na baadaye, kwa mwalimu mwingine mwenye barua inayofanana kabisa, nikashauri aandike sentensi mbili za maelezo. Leo naegemea ushauri wa pili, kwa sababu sijaona mwalimu mkuu aliyeshtushwa na pointi 3, ila nimeona walioshtushwa na kugundua baadaye kwamba hawakuambiwa. Cheti kuwa safi hakulifanyi jibu lako kuwa la kweli, na kamati ya nidhamu hupima uaminifu kwa mizani nzito kuliko inayopimia mwendo wa gari.

Kuendesha ukiwa umelewa ni habari nyingine. Kipimo cha England ni miligramu 80 za pombe katika mililita 100 za damu, na anayetiwa hatiani kwa kukizidi hufungiwa leseni kwa angalau miezi 12. Hatia hiyo huonekana kwenye DBS, na wakala wa serikali unaosimamia nidhamu ya walimu huyaona makosa makubwa ya uendeshaji, hasa yenye pombe au dawa za kulevya, kuwa yanaweza kugusa sifa ya mtu kufundisha. Hata hapo si wote wanaofukuzwa, lakini usimalize kesi hiyo bila mwanasheria, na usisubiri shule isikie kutoka kwa mtu mwingine. Mikataba mingi humtaka mwalimu atoe taarifa mara anapokamatwa au kushtakiwa, kabla ya hukumu yoyote.

Na kama unaendesha basi dogo la shule, mwambie anayeshughulikia bima juu ya pointi zako, hata zikiwa 3.

Yule mwalimu wa hisabati nilimwomba anisomee barua neno kwa neno kwenye simu. Ilikuwa inamtaka amtaje dereva tu, na siku 9 zilikuwa zimebaki. Aliandika jina lake, akatia saini, akaituma asubuhi kabla ya kipindi cha kwanza, na sasa anasubiri kuona kama ataitwa kwenye kozi.