Nani Alimlipa Daktari Nauli? Parokia za Uskoti katika Karne ya 19

Uskoti ilianza kusajili vifo kisheria mwaka 1855. Daftari la kila parokia lina safu ya sababu ya kifo, na daktari aliyeithibitisha huandikwa humo. Kwa kuwa kazi yangu ni historia ya tiba, safu hiyo ndiyo ninayoitazama kwanza. Katika kurasa za Edinburgh majina ya madaktari yamejaa. Nenda Nyanda za Juu za kaskazini au visiwa vya magharibi, mara kwa mara utakuta msajili ameandika tu kwamba marehemu hakuwa na daktari. Sababu ya kifo inabaki ile waliyoitaja jamaa: kikohozi, homa, uzee.

Tena nchi yenyewe haikupungukiwa na madaktari. Vyuo vya Edinburgh, Glasgow na Aberdeen vilifundisha wengi mno, wakatawanyika majeshini, melini na katika makoloni. John Kirk, mtoto wa mchungaji wa parokia ya Barry, alihitimu Edinburgh mwaka 1854. Mwaka 1866 alikuwa Zanzibar, daktari wa ofisi ya konseli wa Uingereza, na baadaye akawa konseli mwenyewe. Kabla yake, Mungo Park, daktari aliyekwisha kusafiri hadi Mto Niger, alitibu watu katika mji wa Peebles, Uskoti. Inasimuliwa kwamba alimwambia mwandishi Walter Scott heri Afrika na hatari zake zote kuliko kuzeeka juu ya farasi milimani kwa malipo yasiyomtosha hata kula. Akarudi Mto Niger, na huko akafa mwaka 1806.

Malalamiko yake yanaeleza mambo kuliko ripoti nyingi. Gharama kubwa ilikuwa njia, si dawa. Kumwona mgonjwa mmoja kungeweza kula siku nzima. Farasi anataka chakula, mashua inataka wapiga makasia, na bahari ikichafuka daktari analala hukohuko huku wengine wakimsubiri. Mkulima mdogo aliyekodi kipande cha ardhi alikuwa na viazi na deni la kodi, fedha taslimu hana. Kwa hiyo watu walimwita daktari wakati mgonjwa ameshazidiwa, au hawakumwita kabisa. Walimtegemea mkunga wa kijijini, au mchungaji mwenye kasha la dawa nyumbani.

Maskini walikuwa mikononi mwa wazee wa kanisa na wenye ardhi. (Wasomaji wa PCEA, kanisa la Kipresbiteri la Afrika Mashariki, wataitambua mizizi ya baraza lao la wazee.) Sheria ya maskini ya 1845 ilileta bodi za parokia, zikatakiwa kuwapatia matibabu maskini walioandikishwa, na tangu 1848 serikali ikatenga ruzuku ya pauni 10,000 kwa mwaka kwa Uskoti nzima. Bodi nyingi ziliajiri daktari kwa mara ya kwanza kutokana na fedha hizo.

Ila mimi siisifu sana sheria ile. Aliyejikimu kwa shida bila kuwa kwenye orodha ya maskini hakupata kitu. Isitoshe, bodi iliweza kumfukuza daktari ilivyotaka, na waliokaa humo walikuwa wenye ardhi na mawakala wao. Daktari mwenye mke na watoto angefikiri mara mbili kabla ya kusema kwamba kisima cha mwajiri wake ni kichafu.

Kisiwa cha St Kilda kilikuwa mbali zaidi ya vyote. Watoto wachanga wengi walikufa kwa pepopunda ndani ya siku chache baada ya kuzaliwa. Aliyeikomesha, katika miaka ya 1890, ni mchungaji Angus Fiddes, ambaye hakuwa daktari: alishikilia kitovu kihudumiwe kwa usafi na dawa ya kuua vijidudu.

Swali la nauli lilijibiwa baada ya kamati ya Sir John Dewar kutoa ripoti yake mwaka 1912. Mwaka uliofuata ikaundwa huduma ya tiba ya Nyanda za Juu na Visiwa: serikali ikabeba gharama za safari za daktari, na mgonjwa akalipa ada ileile ndogo, awe jirani yake au ng'ambo ya maji. Uingereza nzima ilisubiri hadi 1948 kupata huduma yake ya afya ya taifa.