Wanawake wa Dar es Salaam Ambao Majalada Hayakuwaandika

Anayetafuta majina ya wanawake waliopigania uhuru wa Tanganyika katika majalada ya serikali ya kikoloni huambulia machache. Watawala walifuatilia vyama vya siasa na viongozi wake, ambao karibu wote walikuwa wanaume, ilhali vikundi vya ngoma vya wanawake kwa kiasi kikubwa vilionekana kuwa burudani tu.

Hata hivyo, TANU, chama kilichoongoza harakati za uhuru na kilichoanzishwa tarehe 7 Julai 1954, kilipata sehemu kubwa ya nguvu zake humo humo. Mwaka 1955 Bibi Titi Mohamed, mwimbaji kiongozi wa kikundi cha Bomba, alipokabidhiwa kazi ya kuwaunganisha wanawake, aliwaendea viongozi wenzake wa ngoma, nao wakawaita wanachama wao. Katika miezi michache maelfu walikuwa na kadi. Vikundi hivyo vilikuwa tayari na uongozi, michango na desturi ya kufaana katika harusi na misiba, kwa hiyo chama hakikuhitaji kujenga mtandao mpya. Huo ulikuwa uongozi wa kisiasa kwa maana yake kamili, na si haki kuutaja kwa sentensi moja tu mwishoni mwa sherehe. Hata Bibi Titi mwenyewe, aliyefungwa kwa kosa la uhaini na kuachiwa mwaka 1972, alikaa miaka mingi bila kutajwa hadharani. Leo barabara kubwa ya jiji ina jina lake.

Mengi tunayoyajua yalitoka vinywani mwa wanawake waliohojiwa miaka ya 1980, wakiwa watu wazima sana. Mtaa unaotaka kuwaenzi wanawake wake nao uanze kwa kuwasikiliza. Bibi akiulizwa alifanya nini kupigania uhuru, mara nyingi hujibu kwa unyenyekevu kwamba hakufanya kitu. Akiulizwa alikuwa ngoma gani, nani aliwaongoza na fedha aliweka nani, majina huanza kutoka. Majina hayo yaandikwe kamili, pamoja na la baba, kwa kuwa aliyeandikwa "Mama Fulani" ni vigumu kumtambua baada ya kizazi kimoja. Picha za zamani ziandikwe nyuma kwa penseli, na mazungumzo yarekodiwe kwa ridhaa yake, nakala moja ikibaki kwa familia na nyingine ikipelekwa maktaba au makumbusho. Kazi hii haifai kungoja maadhimisho ya Siku ya Wanawake tarehe 8 Machi, kwani aliyekuwa na miaka 20 mwaka 1955 sasa ana umri wa takriban miaka 90.