Mdudu chupani si alama ya mezcal bora

Wengi huamini kwamba mezcal, pombe kali ya Meksiko, ni halisi ikiwa tu ina mdudu ndani ya chupa. Si kweli. Kiwavi huyo wa nondo alianza kutiwa katikati ya karne ya 20 ili kuvutia wanunuzi, na chupa nyingi za mafundi wa jimbo la Oaxaca hazina kitu hicho.

Ubora utafute kwenye mmea wenyewe, agave, wa jamii moja na mkonge wa Tanga. Tobalá, aina ya agave ya mwituni, hukomaa kwa miaka 10 au zaidi. Aina nyingine, tepeztate, hufika hata 25. Kiini cha agave huokwa siku kadhaa katika shimo lenye mawe ya moto, hupondwa, huachwa kichachuke chenyewe, ndipo kinakenekwa.

Fundi hupima kileo kwa macho: huvuta mezcal kwa mwanzi, huimimina kibuyuni, kisha hutazama viputo. Vikiwa vidogo na vikikawia kupasuka, anajua imefika.

Unaponunua, soma lebo: aina ya agave, kijiji, jina la fundi, na neno “artesanal” (ya kifundi) au “ancestral” (ya jadi). Kisha onja kidogokidogo, bila ndimu wala chumvi.