Kipeo tasa hakitoshi: 2^p − 1 si lazima iwe namba tasa

Wengi huamini kwamba ukichukua namba tasa p, basi 2^p − 1 nayo ni tasa. Mwanzo unadanganya kweli: p ikiwa 2, 3, 5 na 7 unapata 3, 7, 31 na 127, zote tasa. Jaribu 11. Unapata 2047, ambayo ni 23 × 89.

Kilicho kweli ni upande mmoja tu: kipeo kisipokuwa tasa, jibu haliwezi kuwa tasa. Mfano, 2^6 − 1 ni 63, inagawanyika kwa 3 na 7. Hata Mersenne mwenyewe, mtawa na mwanahisabati Mfaransa ambaye namba hizi zimepewa jina lake, mwaka 1644 aliiweka 67 kwenye orodha yake ya vipeo vinavyotoa namba tasa, na alikosea.

Kipimo cha uhakika ni cha wanahisabati Lucas na Lehmer, kwa p tasa kuanzia 3. Anza na 4. Zidisha kwa yenyewe, toa 2, gawanya kwa 2^p − 1, bakiza salio tu. Rudia mara p − 2. Salio la mwisho likiwa 0, namba ni tasa. Lisipokuwa 0, si tasa. Kwa 127 (p ni 7), masalio ni 14, 67, 42, 111, 0. Kwa 2047 (p ni 11) hatua ya tisa, ambayo ndiyo ya mwisho, inaishia 1736. Angalia kwamba kipimo hakikutajii 23 wala 89. Vigawo hutafutwa kivyake.

Ndivyo ilivyothibitishwa 2^136,279,841 − 1, yenye tarakimu 41,024,320, iliyotangazwa Oktoba 2024.